Tusimpigie makofi staa aliyemaliza ajali kwa laki tatu

Wadau, ile video mmeshaiona, maana kwenye makundi ya WhatsApp imezunguka mpaka imechakaa. Msanii mmoja mkubwa tu, jina naliweka kapuni, kamgonga kijana wa bodaboda usiku, barabara ya Bagamoyo. Kashuka, kamuinua kijana, kamhesabia laki tatu mbele ya watu, kamwitia bajaji impeleke hospitali. Watu wakashangilia, "Huyu ndiyo staa wa watu!" Trafiki hakuitwa, kila mtu akashika njia yake.

Mimi sikushangilia, na nawaambia kwa nini.

Dada wa yule kijana tunakaa mtaa mmoja. Laki tatu iliisha wiki ya kwanza tu, kwenye eksirei, dawa na nauli. Mguu umevunjika, umewekwa vyuma. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba, kwa hiyo mwenye pikipiki naye anadai hesabu yake. Familia ilipompigia msanii, mara ya kwanza alipokea mwenyewe, mara ya pili akapokea meneja, na sasa hivi simu inaita tu mpaka inakata.

Swali langu: bima ya lile gari iko wapi?

Sheria yetu inataka kila gari linalotembea barabarani liwe angalau na bima ndogo, ile ya mtu wa tatu. Na mtu wa tatu si mwenye gari, ni yule aliyegongwa. Yaani ile bima staa aliilipia kwa ajili ya watu kama huyu kijana. Ukitaka na gari lako litengenezwe, hapo ndipo unakata bima kubwa.

Lakini bima hailipi kwa kuangalia video. Inataka taarifa ya polisi, ramani ya ajali iliyochorwa na trafiki, PF3 ya majeruhi, ripoti ya daktari, risiti, na mara nyingi hukumu ya mahakama inayoonyesha nani alikuwa na kosa. Safari ya karatasi zote hizo inaanzia polisi. Mkimalizana kiutu uzima pale barabarani, anayebaki mikono mitupu ni mwenye mguu uliovunjika.

Na staa mwenyewe kajiharibia. Mikataba mingi ya bima inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kuridhia, na inakutaka utoe taarifa mapema. Sasa wewe umekiri, umelipa, na kuna watu wamerekodi! Wengi wetu mkataba hatuusomi, tunauliza bei tu.

Najua mtaniambia, "Wewe hujui usumbufu wa kituoni." Naujua sana. Mimi nilishagongwa nyuma pale Mwenge na daladala. Nikasubiri trafiki saa nzima, gari likalala kituoni, na kwenye bima nikaambiwa "njoo kesho" miezi minne. Mwisho nikaandika kwamba napeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na nikaambatanisha nakala ya kila karatasi. Wakanilipa. Kilichoniokoa si ujanja, ni zile karatasi. Yule kijana hana hata moja.

Kwa hiyo ikikukuta, uwe staa au uwe mimi na wewe: simama, msaidie majeruhi kwanza, piga 112. Piga picha magari yalivyokaa kabla hayajasogezwa, chukua namba ya gari na namba za simu za mashahidi. Stika unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA kwa simu yako hapo hapo, maana feki zipo. Kisha ijulishe kampuni yako ya bima. Watu wakichafuka na ukaona usalama wako hauko sawa, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukaripoti.

Kutoa pesa ya matibabu si vibaya, ni ubinadamu. Ubaya ni kuitumia hiyo pesa kununua kimya.

Na wewe kaka msanii, kama unapita hapa: mchukue yule kijana, nendeni polisi mkaandikishe tukio, halafu nenda kwenye bima yako ukaeleze ukweli. Umechelewa, na huenda wakakusumbua, lakini afadhali usumbuliwe wewe mwenye meneja kuliko yeye mwenye magongo. Ukifanya hivyo, makofi nitapiga mimi wa kwanza.

Wadau, semeni ukweli wa moyoni: mngekuwa nyie mmelala pale chini, mngechukua laki tatu au mngesubiri trafiki?