Apimwe Kwanza, Ndipo Arudi Kwenye Magunia



Mwenzetu mmoja wa bohari alishikwa na maumivu ya kifua, akalazwa siku sita. Alipotoka alipewa mapumziko ya wiki mbili, kisha akarudishwa kubeba magunia. Mwezi haukupita, akawa halali bila mito mitatu, miguu imevimba, ngazi chache tu anahema. Moyo ulikuwa umeshindwa kusukuma damu. Msimamizi alisema ni uvivu. Nami, katibu wa tawi, nilikuwa nimetia sahihi barua ya kumrudisha bila kuuliza neno.

Je, hatari hiyo ingeweza kujulikana mapema? Ndiyo. Mwaka 1967 madaktari Thomas Killip na John Kimball wa New York waliandika habari za wagonjwa 250 wa mshtuko wa moyo. Waliwagawa madaraja manne kwa kuwapima kitandani tu. La kwanza, mapafu safi. La pili, mapafu yanakwaruza kidogo. La tatu, yamejaa maji. La nne, shinikizo la damu limeanguka na mwili umepoa. Daraja la kwanza walikufa 6 katika kila 100. La pili 17. La tatu 38. La nne 81.

Siku hizi matibabu yamesonga mbele na wengi zaidi wanapona, lakini madaraja hayo bado yanatumika. Madaktari huongeza umri, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, kipimo cha figo na cha umeme wa moyo. Mwenye kisukari, au aliyechelewa kufika hospitali, huangaliwa zaidi.

Waajiri watasema ni gharama. Kusikiliza kifua kwataka chombo cha masikioni na mtu aliyefundishwa. Gharama kubwa ni mjane na watoto.

Kwa hiyo nashauri kila tawi lidai mambo mawili. Kwanza, cheti cha daktari kitaje kazi ambayo mgonjwa anaiweza, siyo siku za mapumziko peke yake. Pili, apewe ruhusa yenye malipo ya kurudi kupimwa.

Nawe ndugu uliyetoka hospitali, ukiona pumzi inakata ukilala, miguu inavimba, au uzito unapanda ghafula, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda kwa daktari, kisha uje ofisi ya tawi. Safari hii tutauliza.