Ini la Mtoto Linaokolewa Kliniki, Wiki ya Sita

Tukisikia kwamba mtoto amesafirishwa kwenda India kupandikizwa ini, fikra zetu humwendea daktari bingwa na chumba chake cha upasuaji. Anastahili heshima hiyo. Lakini hatima ya wengi wa watoto hao huamuliwa mapema zaidi, kwenye nepi. Ugonjwa unaowafikisha watoto wengi zaidi kwenye upandikizaji wa ini ni kuziba kwa mirija ya nyongo. Mtoto huzaliwa na uzito mzuri na hunyonya vizuri, ila nyongo haifiki kwenye utumbo: macho hubaki ya njano, choo kinapauka kama chokaa. Katika miaka ya 1950, Dkt. Morio Kasai wa Japani alibuni upasuaji wa kuunganisha utumbo moja kwa moja na ini. Hufanikiwa zaidi mtoto akiwa hajatimiza siku 60. Kadiri anavyocheleweshwa, ini huzidi kujaa makovu. Asipotibiwa kabisa, kwa kawaida hafikishi miaka miwili au mitatu.

Taiwan walilitambua hilo. Mwaka 2004 walianza kumpa kila mzazi nchini kadi yenye picha za rangi za choo cha mtoto, na watoto waliofanyiwa upasuaji kabla ya siku 60 wakaongezeka. Sisi Tanzania na Kenya tuna nafasi kama hiyo: mtoto hurudi kliniki kwa chanjo akiwa na wiki sita, yaani siku 42. Rangi hizo zichapishwe kwenye kadi ya kliniki, na muuguzi aulize kuhusu choo kabla ya kuchoma sindano.

Wapo watakaosema tutawatia hofu kina mama bure, kwa kuwa watoto wachanga wengi hupata manjano. Ni kweli, lakini manjano ya kawaida kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili na hayapaushi choo. Yakizidi hapo, kipimo cha damu huonyesha kama tatizo ni nyongo iliyozuiwa. Wengine watauliza faida ya kugundua mapema wakati upandikizaji uko mbali na ni ghali. Upasuaji wa Kasai hauhitaji ini la mtu mwingine. Baadhi ya watoto hupona nao kwa miaka mingi. Wengine bado watahitaji kupandikizwa, ila watakuwa wamekua na wazazi wamepata muda wa kujipanga. Tusomeshe mabingwa, ndiyo, tena wengi. Lakini hata bingwa hodari hawezi kurudisha siku zilizopotea mama akiambiwa amwanike mtoto juani, eti manjano yataisha.