Doa Lisilowasha

Mtu akiingia katika duka la dawa, akakunja mkono wa kanzu au akainua pindo la khanga kuonyesha doa lililomtokea, aghalabu huulizwa swali moja tu: "Linawasha?" Akijibu kuwa linawasha, hupewa tyubu ya dawa ya kupaka akaenda zake, akijibu kuwa haliwashi, huambiwa aliache, litaondoka lenyewe. Swali hilo jepesi ndilo lililofanywa kadhi wa maradhi yote ya ngozi katika miji na vijiji vyetu, na hukumu zake, nasema kwa masikitiko na bila ya chuki kwa mtu yeyote, zimewatia wengi katika hasara ambayo ingaliweza kuepukwa.

Nilikuwa na jirani, mwanamke mfuma mikeka, aliyekuwa na baka lililopauka juu ya kigasha cha mkono wake wa kulia. Kwa muda wa miaka mitatu alilidhani kuwa ni utangotango, akalipaka hili na lile, wala hakulalamika, maana halikumwasha wala halikumuuma. Siku moja alipokuwa akiepua chungu, kigasha kile kiligusa figa lililokuwa jekundu kwa moto, naye hakushtuka. Binti yake ndiye aliyepiga ukelele kwa harufu ya ngozi iliyokuwa ikiungua. Baka lile lilikuwa ukoma. Tabibu aliyemwona baadaye hakuhitaji mtambo wa thamani ili kuushuku: alimwomba afumbe macho, akamgusa kwa ncha ya pamba ndani ya baka na nje yake, kisha akapapasa mshipa wa fahamu ulio nyuma ya kiwiko, akaukuta umenenepa.

Ni jambo la kuhuzunisha kuwa maradhi haya bado humtangulia tabibu, ilhali elimu yake si ngeni. Mwaka 1873 Gerhard Armauer Hansen, tabibu wa mji wa Bergen huko Norwe, aliona kwa hadubini vijidudu vya ukoma, na tangu hapo hapakuwa na hoja ya kuuita laana wala urithi wa ukoo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani limenasihi kuwa dawa ziunganishwe, rifampisini pamoja na dapsoni na klofazimini, na mgonjwa huzimeza kwa miezi 6 akiwa na mabaka machache, au miezi 12 akiwa nayo mengi, bila ya kulipa kitu. Dawa hizo huua vijidudu. Lakini mshipa wa fahamu uliokwisha kufa hazina uwezo wa kuufufua. Kwa hiyo tofauti baina ya mtu aliyepona akiwa mzima na mtu aliyepona akiwa na vidole vilivyopinda ni tarehe ile aliyochunguzwa.

Msomaji asidhani kuwa swali la kuwasha hufaulu hata pale penye muwasho wa kweli. Upele ni maradhi yanayojulikana na kila mtoto wa chuoni. Huletwa na utitiri, mdudu asiyeonekana vyema kwa macho, ambaye hufukua vijia vyake katikati ya vidole, penye vifundo vya mikono na kiunoni. Mtu anayeupata kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 mpaka 6 bila ya kujikuna hata mara moja, na katika muda huo huwagawia wenziwe wanaolala naye kitanda kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hapa methali hiyo ni kweli neno kwa neno. Ndiyo sababu kumtibu mtoto mmoja anayejikuna na kuwaacha nduguze wasiojikuna ni kuteka maji kwa pakacha: nyumba nzima sharti itibiwe siku moja, na nguo na matandiko yafuliwe. Waama, jambo hili si dogo, kwani vidonda vya kujikuna huingiwa na bakteria ambao huweza kudhuru mafigo ya mtoto.

Lakini dhara kubwa zaidi limo katika ile tyubu yenyewe. Zipo dawa za kupaka zinazouzwa kwa wingi ambazo ndani yake mmechanganywa dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali kama klobetasoli. Mwenye choa akizipaka, muwasho hutulia kwa siku mbili tatu, naye hushukuru. Kumbe steroidi imeunyamazisha mwili usipigane, na fangasi hutambaa kwa amani chini ya utulivu huo, pete yake ikipoteza umbo hata tabibu hodari akashindwa kuitambua. Mwaka 1968 matabibu wawili wa Uingereza waliipa hali hiyo jina lenye maana ya choa kilichojificha. Mwenye kuendelea kuipaka usoni hupata ngozi nyembamba, michirizi na chunusi. Na mtoto mwenye mashilingi ya kichwani hafai kupewa dawa ya kupaka peke yake, kwa kuwa haifiki ndani ya shina la unywele. Yampasa kumeza dawa kwa wiki kadhaa, kwa kipimo cha tabibu.

Maradhi ya nadra nayo hupenda kuja kimya. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu, na ambayo mwanzo ilidhaniwa kuwa jeraha la mpira. Kwa watu weusi saratani ya namna hiyo hupenda nyayo, viganja na kucha, mahali ambapo hakuna apaangaliaye. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao katika Tanzania inakadiriwa kuwa ni mmoja katika kila watu 1,400, saratani ya ngozi huanza kwa gaga dogo juu ya sikio au mdomo, lisilowasha. Likiondolewa mapema ni kazi ya dakika chache, na likiachwa huwa kidonda kinachoua. Kwao mafuta ya kukinga jua ni dawa, na kuyahesabu miongoni mwa vipodozi ni dhuluma.

Wala hatuwezi kusema kuwa Afrika ya Mashariki haina taalimu ya mambo haya. Huko Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 kipo kituo cha kufundisha maradhi ya ngozi, na waliosoma hapo wamerejea wilayani mwao katika nchi nyingi za Afrika. Mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino hutengenezwa hapo pia. Ninachokiomba ni kwamba elimu hiyo ishuke mpaka katika zahanati ya mwisho: kila mgonjwa aangaliwe mwili penye mwanga wa jua, pamba iwepo juu ya kila meza, na steroidi kali isiuzwe kwa mtu ambaye maradhi yake hayajapewa jina. Na sisi wenye miili tusione haya kuvua shati mbele ya tabibu, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.

Jirani yangu alimaliza dawa zake, na baka likafifia. Bado anafuma mikeka, na kazi yake ni nzuri kama zamani. Ila kila anapokwenda jikoni huuzungushia mkono ule kitambaa kinene, na kabla ya kulala huukagua kwa macho kuanzia kiwiko mpaka kiganja, akitafuta jeraha ambalo mkono wenyewe hautamwambia kamwe.