Kosa Si Kufungua, Kosa Ni Kufunga Bila Kupima

Kila injini inapochemsha mtaani kwetu, wajuzi wa aina mbili hujitokeza. Wa kwanza husema: "Weka gasketi mpya, gari itatembea." Wa pili, ambao mara nyingi huvaa mashati yaliyopigwa pasi, husema: "Kichwa cha injini hakifunguliwi uani. Peleka gereji kubwa." Ninaandika kuwapinga wote wawili, na nitaanza na yaliyotukuta nyumbani.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Asiyeijua Buyenzi ajue mambo mawili: Kiswahili ndiyo lugha ya baraza na ya soko, na mafundi magari hufanya kazi kando ya barabara, mbele ya nyumba za watu. Baba yangu mkubwa alikuwa na teksi, Toyota Corolla. Gari hilo ndilo lililolipa kodi ya nyumba na karo ya dada zangu wawili. Siku moja lilichemsha kwenye mlima wa kwenda Bugarama. Lilirudi likivutwa kwa kamba, oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia kwenye oili. Fundi alikuja asubuhi, akafungua kichwa cha injini uani kwetu, akaweka gasketi mpya, na kabla ya magharibi gari likawaka. Tulimsifu sana. Wiki tatu baadaye likachemsha tena, safari hii likiwa na abiria.

Tukamwita fundi mwingine, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi. Yeye hakuuliza gasketi iko wapi. Alisafisha uso wa chini wa kichwa, akalaza juu yake rula ya chuma iliyonyooka, kwanza kwa urefu, kisha kutoka kona hadi kona, na akamulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukapenya katikati. "Mwanangu," akaniambia, "kichwa kimepinda. Hata mngeweka gasketi kumi, zote zingekwenda." Kisha akaikagua rejeta. Sehemu kubwa ya vijia vyake ilikuwa imezibwa na kutu. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye rejeta, nasi tulikuwa tumetibu dalili. Matengenezo ya pili, pamoja na kuchonga uso wa kichwa kwa mashine, yalikula karo. Dada yangu mdogo alikaa nyumbani muhula mzima.

Sasa nawageukia wale wa kwanza, wa "gasketi mpya". Hoja yao ni kwamba gasketi imeungua, basi ibadilishwe. Lakini gasketi haiungui bila sababu. Katika injini nyingi za aina ya gari letu, kichwa ni cha alumini na bloku ni ya chuma cha kuyeyushwa. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Injini ikiwa na maji ya kutosha, tofauti hiyo huvumilika. Maji yakipungua au yasipozunguka, kichwa hutaka kutanuka huku boliti zikikishikilia; hapo ndipo kinapopinda. Kwa injini ya Toyota ya 4A-FE, upindo unaoruhusiwa upande wa bloku ni milimita 0.05 tu, kiasi kama unene wa unywele. Jicho pekee haliwezi kuuona, na anayesema "nimekitazama, kiko sawa" amekisia tu.

Hawa husema pia: "Mkono wangu umezoea, sihitaji kipimo." Siudharau mkono wa fundi, umetulisha wengi. Lakini injini hiyo ina boliti 10 za kichwa. Mkono ulioanza na nguvu kwenye boliti ya kwanza umeshachoka ukifika ya kumi. Matokeo yake ni kichwa kilichobanwa sana upande mmoja na kulegea upande wa pili, na gasketi huanza kuvuja pale palipolegea. Utaratibu unajulikana: kulegeza kuanzie pembeni kuja katikati, kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa kabisa, kukaza kuanzie katikati kwenda pembeni. Matundu ya boliti yasafishwe yasibaki na maji wala oili, kwa sababu kimiminika kilichonaswa chini ya boliti kinaweza kupasua bloku.

Nawageukia wa pili, wenye mashati ya pasi. Wanasema ua ndio tatizo. Hapana. Fundi yule mzee alifanya kazi uani palepale, chini ya mwembe uleule, na gari likapona. Kichwa hakijui kama kimefunguliwa juu ya vigae au juu ya mkeka. Kinachojua ni kama kimepimwa. Sakafu ya vigae haipimi chochote. Isitoshe, kumwambia mwenye teksi moja apeleke gari gereji kubwa ni sawa na kumwambia aliuze. Ushauri ambao maskini hawezi kuufuata haumsaidii. Unamfanya aone haya tu.

Watajibu kwamba spana ya kupimia nguvu ni ghali. Ni kweli kwa fundi mmoja. Lakini mafundi kumi wa barabara moja wanaweza kuchanga wakanunua moja, kama wanavyochangia msiba. Tena, tufanye hesabu ya darasa la fizikia. Kwa 4A-FE, hatua ya kwanza ya kukaza ni niutoni-mita 29. Ukishika spana ya sentimita 30 na kuivuta mwishoni kwa mizani ya ndoana, ile ya wauza samaki, kwa pembe mraba, mizani ikisoma kilo 10 umefika hapo. Hatua ya pili ni kuzungusha kila boliti nyuzi 90, na ya tatu ni nyuzi 90 nyingine. Kwa hatua hizo mbili unahitaji tone la rangi tu juu ya kila boliti, lionyeshe lilikoanzia na lilikofika. Kila injini ina namba zake, na lazima zitafutwe kabla ya spana kushikwa. Lakini nani atasema tena kwamba kupima ni anasa ya matajiri?

Kuna mtu wa tatu ambaye sijamlaumu bado, naye ni sisi wenye gari. Fundi wa kwanza aliharakishwa. Baba mkubwa alimsimamia kichwani: "Fundi, kesho alfajiri nataka gari barabarani." Mimi ndiye niliyetumwa kununua gasketi, na niliposikia kwamba kupeleka kichwa kwa mchonga vyuma kungechukua siku mbili zaidi, nilikuwa wa kwanza kusema haina haja. Haraka haraka haina baraka. Methali hiyo nimeiandikia insha darasani na kupata alama nzuri. Uani sikuikumbuka.

Hapo ndipo ninapowafikia nyinyi, wanafunzi wenzangu na walimu wetu. Namba nilizotaja hapa zimo katika vitabu vya Kiingereza na Kifaransa. Fundi wa Buyenzi anaiita sehemu ile kulase, wa Dar es Salaam anaiita silinda hedi, na wote wawili wanazungumza Kiswahili kutwa nzima wakiwa kazini. Sisi tunaosomea lugha hiyo tumewaandikia nini? Tunabishana kuhusu istilahi katika kumbi zenye viyoyozi, kisha neno tulilolibuni halifiki hata kwa fundi mmoja mwenye oili mikononi. Karatasi moja ya Kiswahili chepesi, yenye mpangilio wa boliti, nguvu ya kukaza na kiasi cha upindo, ingeweza kubandikwa kwenye mlango wa kila karakana. Yeyote kati yetu angeweza kuiandika kwa wiki moja, akikaa na fundi na kutumia maneno ya fundi.

Mimi nimeanza na ya 4A-FE. Nimempelekea mzee yule, akanisahihisha maneno manne, akaibandika ukutani. Anayesomea Kiswahili Kampala, Kigali au Goma naye aende mtaani kwake, aulize ni injini gani inachemsha zaidi huko, na aandike yake.