Pisitole ya 22 si dawa ya panya



Wakati mahindi inakomaa, maneno ni ile ile mu kartie: panya inamaliza chakula mu depo, nyani inavuna mbele ya mwenye shamba. Na hapakose mutu wa kusema: «Nitatafuta kapisitole ka 22. Hakana nguvu. Kataua panya, na siku ya yenga tutalenga nako chupa na batoto.»

Tuseme wazi: kwa kazi ya panya na nyani, pisitole ile ni chaguo mubaya.

Tuanze na sasi lenyewe. Masasi ya aina hii hayana kibiriti katikati ya kitako. Dawa ya kuwasha iko pembeni, ndani ya ukingo, na chuma ya bunduki inagonga ule ukingo. Wazo hilo lilitoka Ufaransa kwa Flobert, mwaka 1845. 22 Long Rifle yenyewe ilitoka Marekani mwaka 1887. Ni ndogo: milimetre 5.6, na risasi yake ni gramu 2.6 hivi. Haisukume mukono, njo maana batu banaiita ya kuchezea. Lakini risasi ile inaweza kwenda zaidi ya kilometre moja, na ikigonga jiwe ao maji inageuka njia. Mu kambi, ndani ya kilometre moja kuna nini? Kuna masomo, kuna soko, kuna batoto banacheza mupira.

Tena pisitole ni ngumu kulenga. Fanya hesabu. Kama kati ya alama ya nyuma na alama ya mbele kuna santimetre 15, ukikosea milimetre 1 tu, ku metre 25 risasi inapita santimetre 17 pembeni. Ku karabine yenye santimetre 50 kati ya alama, kosa lile lile ni santimetre 5. Mwili wa panya mukubwa ni santimetre 20 hivi. Ile risasi iliyomukosa, itasimama wapi?

Na ukimupata, umeua moja. Panya mama anabeba mimba wiki tatu tu, na anaweza kuzaa batoto nane mara moja. Masasi hayawezi kushinda hesabu hiyo. Kinachoshinda ni pipa yenye kifuniko, kibanda cha mahindi juu ya miguu yenye kuvikwa bati, mutego, paka, na kiwanja safi. Kwa nyani, majirani bapeane zamu ya kulinda, na imbwa na makelele ya mabidoni.

Kuna batu banaopenda kulenga kwa furaha tu. Hatubakataze, lakini bafuate njia. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 haimuruhusu mutu kuwa na bunduki bila ruhusa ya Serikali, na sheria ya kuwinda ya tarehe 28 Mei 1982 inaomba permi yake. Bunduki iliyonunuliwa usiku, bila karatasi, ni mulango wa gereza.

Mwenye karatasi na mahali pa kulengea, penye kilima cha udongo nyuma, achague bunduki ndefu kwanza. Kama ni pisitole, basi ikuwe nzito, ya mudomo murefu, na kwa mwanafunzi ile ya kuzunguka ni afazali: unafungua, unaona masasi yote. Ile ya shaje inadanganya. Unatoa shaje, unafikiri iko tupu, kumbe sasi moja imebaki ndani. Batu bengi duniani balikufa kwa ile «iko tupu».

Jambo la mwisho, mutu wa mine analiyua kuliko wengine. Masasi ya kugongwa pembeni hukosa kuwaka mara nyingi kuliko ile ya katikati. Ku mine, baruti ikikosa kulipuka, ile tunaita rate, hakuna anayekimbia kwenda kutazama. Ku bunduki ni vile vile: mudomo ubaki ku kilima, hesabu nusu dakika, kisha fungua pole pole.

Baba anayelipua mawe ku kazi hawashe kitu mbele ya kuyua kila mutu iko wapi. Akirudi ku nyumba, asisahau kanuni ile kwa sababu ya panya. Gunia la mahindi linauma likipotea, lakini linapandwa tena. Mutoto wa jirani hapandwe tena.