Mbwa Kwenye Maonyesho ya Maua

Ndugu zetu wa pwani waishio Ulaya hurudi likizoni na masimulizi mengi, na mojawapo linalozua ubishi barazani ni hili la mbwa. Msikilizaji akiambiwa kwamba huko watu huenda na mbwa wao hata kwenye maonyesho ya maua, kwanza hucheka, kisha huguna, mwisho husema "astaghafirullah!" Mimi maonyesho hayo nimeyaona kwa macho yangu huko Uholanzi, na nina neno juu yake. Neno lenyewe ni kwa wenye mbwa, na ni kwetu pia sisi tusiowafuga.

Mahali ninapopasema panaitwa Keukenhof, katika mji mdogo wa Lisse. Maana ya jina hilo ni bustani ya jikoni, kwa kuwa katika karne ya 15 ndipo lilipopata mboga na matunda jiko la bibi mtawala Jacoba wa Bavaria. Mwaka 1949 wakulima na wauzaji maua 20 walipatana kupafanya mahali pa kuonyesha mazao yao, na mwaka 1950 watu wote wakafunguliwa milango. Eneo lake ni hekta 32. Kila mwaka, kabla ya baridi kali kuingia, hupandwa kwa mkono matunguu yapatayo milioni 7, yaani zile shina za chini zenye umbo la kitunguu. Baridi ikishapungua na miti ikianza kuchipua, bustani hufunguliwa kwa muda wa wiki nane hivi, tangu Machi hadi katikati ya Mei. Baada ya hapo hufungwa mpaka mwaka ujao.

Ua linalotawala huko ni tulipu. Wengi hudhani kuwa ni ua la Kizungu tangu asili. La hasha! Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, na Waturuki wa dola ya Uthmaniya walilitunza kwa mapenzi makubwa kabla ya Waholanzi kulijua. Kwa Kituruki huitwa lale, na kwa hati ya Kiarabu neno hilo huandikwa kwa herufi zile zile za jina la Allah: alifu, lamu mbili na he. Katika vigae vya msikiti wa Rüstem Pasha mjini Istanbul ua hili limechorwa tele. Bwana Carolus Clusius ndiye aliyelipanda katika bustani ya chuo cha Leiden, nalo likachanua mwaka 1594. Waholanzi wakalipenda kupita kiasi, hata tunguu moja la aina adimu likatajiwa bei ya nyumba, mpaka soko lilipoporomoka Februari 1637. Basi Mwislamu aingiapo Keukenhof hajaenda ugenini kabisa.

Sasa tuje kwa mbwa. Bustani hiyo huwaruhusu, lakini kwa sharti kwamba mbwa afungwe kamba. Niliwaona wengi siku hiyo, wakubwa na wadogo. Niliona pia jambo lililonipendeza. Njia ilipokuwa nyembamba na watu wengi, wenye mbwa walivuta kamba zao zikawa fupi na kuwapisha wenzao. Nilikuwa nimevaa kanzu, nikapita nayo salama. Hakuna aliyeniuliza dini yangu, wala sikuwa na haja ya kumweleza mtu. Kamba ilitosha kutupatanisha.

Katika bustani nyingine, ambayo sina haja ya kuitaja, mambo yalikuwa kinyume. Mbwa aliyeachiwa huru alinijia mbio akanilamba mkono. Mwenyewe alicheka, akaniambia nisiogope, kwani hang'ati. Sikuwa na shaka na meno yake. Kilichonitia mashaka ni mate. Sisi tufuatao madhehebu ya Imam Shafi twajua kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, ya kuoshwa mara saba, na moja katika hizo ni kwa udongo. Adhuhuri ilikuwa imekaribia, nami nikawa natafuta mfereji na mchanga katika mji wa watu! Ninyi wenye mbwa, hapa kwetu na kwingineko, fahamuni hili: si kila akwepaye mbwa wenu ni mwoga au mkorofi. Mwenzenu ana ibada yake mbele yake.

Lakini nasi tujisahihishe. Masheikh wetu watufundishao habari za najisi hutufundisha pia kwamba kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Kwa hivyo mbwa mkavu akipita na kugusa kanzu kavu hapana haja ya kupiga ukelele. Wafuasi wa Imam Malik humhesabu mbwa kuwa twahara. Sisemi tuyaache madhehebu yetu. Nasema tusiwadharau Waislamu wenzetu wa nchi nyingine wakimshika mbwa.

Tena, tumesikia darasani kisa cha mtu aliyeteremka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mola akamsamehe dhambi zake. Twasoma katika Sura ya Al-Kahf habari za mbwa wa vijana wa pangoni, aliyelala kizingitini na miguu ameinyosha. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba. Dini imetuwekea masafa baina yetu na mate ya mbwa. Haikutupa ruhusa ya kumvurumishia mawe. Hata hivyo katika mitaa yetu mtoto humpopoa mbwa koko mpaka akachechemea, na watu wazima barazani wakatazama tu, kana kwamba unajisi wa mnyama umemwondolea maumivu.

Niongeze neno moja kwa wenye mbwa. Je, maonyesho yale yana faida gani kwa mnyama mwenyewe? Mbwa huona vizuri buluu na manjano, lakini wekundu unaotufurahisha sisi humfifia machoni. Dunia yake ni ya pua, na tulipu nyingi hazina harufu kubwa kama asumini yetu au kilua. Isitoshe, tulipu ni sumu kwake, hasa lile tunguu, akilifukua na kulitafuna. Basi ukimchukua mbwa kwenye maua, jua kwamba umekwenda kwa raha yako wewe. Yeye amekufuata kwa utiifu tu. Ana haki ya maji, kivuli na mapumziko. Nenda naye asubuhi kabla umati haujajaa, ukaokote kinyesi chake. Na ikiwa hapendi zogo la watu, mwache nyumbani.

Maoni yangu ni haya. Fukwe zetu na bustani zetu ni za watu wote, wanaofuga mbwa na wanaochunga udhu wao. Mwenye mbwa na afunge kamba, na asiye na mbwa na aweke jiwe chini. Hayo hayamgharimu mtu imani yake wala fedha zake. Wazee walisema muungwana ni kitendo, na kitendo hiki tunaweza kuwafundisha watoto wetu leo hii, bila ya kungoja wakaone kwa Waholanzi.