Wankambo Waliuza Shaba, Siye Tunauza Mawe

Leo hatukuja kusifu mtu. Kila sikukuu ya mila tunavaa vikwembe vizuri, tunapiga ngoma, wakubwa wanakaa kwenye viti vya plastiki, hotuba zinafuatana, kiisha tunarudi nyumbani na kusema: mila yetu iko hai. Siye walimu wa huku Tshangalele tunauliza: iko hai wapi? Katika mikono ya nani?

Siku moja, kwa somo la kemia, tulileta darasani jiwe la kijani, malakiti. Vijana wote walilijua. Walijua bei yake, walijua namna mizani ya depo inavyoiba. Tukawauliza: shaba inatokaje ndani ya jiwe hili? Kimya. Kiisha mmoja akajibu: «Mwalimu, ile ni kazi ya wazungu na ya Wachina.» Jibu lile lilituuma sana, juu waliomfundisha vile ni siye wenyewe.

Sasa tuseme ukweli. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Lakini mwaka 1892, Jules Cornet alipopita inchi hii akitafuta madini, alionyeshwa mashimo ambayo wenyeji walikwisha kuyachimba zamani. Hakuvumbua kitu, alionyeshwa! Na kabla yake, misalaba ya shaba ilikuwa inatembea toka mkono hadi mkono kwa karne nyingi; imekutwa ndani ya makaburi ya Sanga, kule kwenye maziwa ya Upemba. Tena misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Watu waliipigia bendera ile saluti, lakini wangapi kati yao walijua namna ya kuyeyusha msalaba hata mumoja?

Wankambo Basanga walijua. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani, walikwenda mlimani. Wanaume walichimba, wanawake na watoto waliokota na kuchambua mawe. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, juu udongo ule unavumilia moto. Mivukuto ilikuwa ya ngozi ya swala. Makala yalichomwa kwa miti ngumu iliyochaguliwa. Jiwe likipata moto linatoa maji na hewa yake. Makala yanavuta oksijeni iliyobaki. Moto ukipita digrii 1,085, shaba inatiririka. Hii njo kemia ile ile tunayoandika ubaoni kwa Kifaransa! Na Bayeke wa Msiri, waliotoka upande wa Unyamwezi, walileta ufundi wa kuvuta shaba mpaka ikawa uzi mwembamba wa kutengeneza bangili. Mmisionari Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari za wafuaji hao mwaka 1926, akawaita «walaji wa shaba».

Na nyumbani je? Mama wa wakati ule alikuwa fundi kamili. Alilima mtama, akautwanga, akaupepeta kwa ungo uliosukwa palepale. Alijua udongo gani wa mtoni unafaa nyungu na gani unapasuka. Aliufinyanga bila gurudumu, akausugua kwa jiwe laini, akauchoma kwa majani na maganda ya miti. Nyungu ile inapoza maji bila umeme, kwa sababu maji yanatoka kidogo kidogo kwenye udongo na kuondoka na joto. Hili ni somo la fizika, na siye tunalitafuta kwenye vitabu vya Ulaya. Na chumvi ilitoka Mwashya, kwenye Lufira hii hii: udongo wa chumvi ulichujwa kwa maji, maji yakachemshwa mpaka yakauke. Watu walitoka mbali kuifuata.

Wenzetu wengine watasema: «Walimu, munataka turudi nyuma? Beseni ya plastiki ni bei rahisi, chumvi iko sokoni.» Hapana, hatusemi vile. Tunajua pia mabaya ya siku zile: Bunkeya ilinunua bunduki kwa shaba, kwa pembe za ndovu, na kwa watu pia. Tena tukiwasha matanuru yote leo, msitu uliobaki utakwisha. Makala ya babula peke yake yamekwisha kuumaliza. Hatuombi kurudi. Tunaomba kujua.

Juu asiyejua anadanganywa. Ziwa letu lenyewe ni mashahidi: mwaka 1930 Lufira ilizibwa pale Mwadingusha ili umeme uende kwenye viwanda vya shaba, na mashamba ya wankambo yakalala chini ya maji. Shaba ikaondoka, ufundi ukaondoka nayo. Leo kijana wetu anaingia shimoni na roho mkononi, anajaza mfuko, anauuza kwa depo bila kujua ndani yake kuna nini. Wankambo waliuza shaba. Siye tunauza mawe. Nani basi aliye nyuma?

Na masomo yetu yana hatia. Tuna saa ya kazi ya mikono kwenye ratiba. Tunaitumia kwa nini? Kukata majani ya uwanja na kuchota maji ya mwalimu! Tunajua, juu na siye tumeyafanya. Saa ile ingetosha kumuita mama mzee mfinyanzi aketi mbele ya darasa, alipwe kitu kidogo kama mwalimu mwingine, na watoto waandike kila anachofanya. Mzee wa kusuka migono ya samaki afuate, kisha mfua chuma.

Kwa chama chetu tunaomba neno moja: kwa sikukuu ijayo, hotuba mbili zipunguzwe. Mahali pake, wazee wajenge tanuru moja dogo la udongo wa kichuguu, vijana wavukute, watoto wote watazame shaba ikitoka. Siku ile mtoto hatasema tena kwamba ni kazi ya wageni. Lakini tufanye haraka, maana wazee hawatungoji, na mzee anayezikwa na ufundi wake hakuna mutu wa kumfukua.